Mambo ya Nchi za Nje Yamefika Kijijini: Mfuateni Mbunge

Mwenyekiti wa kikundi akisema, "Leo tutazungumza juu ya uhusiano wetu na nchi za nje," wengi wataanza kutazama jua limefika wapi. Kuna maji ya kuchota, kuna ng'ombe wa kukama, kuna mkopo wa kulipa Ijumaa. Mambo ya mabalozi na mikataba ni ya watu wa Nairobi wenye suti. Ndivyo wengi wetu tulivyofikiri kwa miaka mingi, na wale wenye suti hawakujisumbua kutukosoa.

Lakini hebu hesabuni kidogo. Katika kikundi chenu cha watu ishirini au thelathini, ni wangapi wana binti, dada, mke au shangazi aliyekwenda Saudia, Qatar, Dubai, Kuwait au Lebanon kufanya kazi ya nyumba? Katika vijiji vingi utakosa mahali pa kusimama usione nyumba iliyoguswa na safari hizo. Pesa anayotuma kwa simu ndiyo inayolipa karo, ndiyo iliyonunua mabati, na pengine ndiyo inayotoa mchango wa mama yake katika chama chenu. Mwaka wa 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Saudia ni mojawapo ya nchi zinazotoa sehemu kubwa ya pesa hizo. Kwa hivyo uhusiano wetu na nchi za nje umekwisha kuingia jikoni. Swali ni nani anayeusimamia, na kama sisi wa kijijini tuna neno la kusema. Tunalo, na sheria inatupa nguvu ya kulisema.

Kwanza tuelewe tatizo lenyewe. Katika nchi nyingi za Ghuba kazi ya mgeni huendeshwa kwa utaratibu unaoitwa kafala, neno la Kiarabu lenye maana ya dhamana. Mwajiri ndiye mdhamini wa mfanyakazi. Kibali cha kuishi nchini kinafungwa na jina la mwajiri huyo. Mfanyakazi akitoroka kwa sababu amepigwa au hajalipwa, mwajiri anaweza kumripoti kwamba amekimbia kazi, na hapo aliyedhulumiwa anageuka kuwa ndiye mkosaji. Anaweza kukamatwa, kufungwa na kurudishwa nyumbani bila mshahara wake. Tena wafanyakazi wa nyumbani, ambao wengi ni wanawake, hawakuwekwa chini ya sheria ya kawaida ya kazi ya Saudia. Wana kanuni zao za kando, na ulinzi wake ni mdogo. Serikali hiyo ilipotangaza mabadiliko mwaka wa 2021 ili wafanyakazi wa kigeni waweze kubadilisha mwajiri kwa urahisi, wale wa nyumbani waliachwa nje. Kanuni mpya juu yao zilianza kutumika Oktoba 2024, lakini kanuni iliyo kwenye karatasi haifungui mlango uliofungwa kwa ufunguo. Qatar imekwenda mbele kidogo: tangu 2020 mfanyakazi wa nyumbani hahitaji ruhusa ya mwajiri ili aondoke nchini, na kiwango cha chini cha mshahara kiliwekwa, riyal 1,000 kwa mwezi.

Tuseme ukweli pia kwamba si kila aliyekwenda ameteswa. Wapo waliorudi na kujenga, wapo waliopata waajiri wenye utu, na hatutaki kumtisha mtu ambaye hesabu yake imemwonyesha kwamba hana njia nyingine. Lakini majeneza nayo yamerudi. Mwaka wa 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudia katika muda wa miaka miwili hivi, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa nyumbani. Vingi vya vifo hivyo viliandikwa kuwa moyo ulisimama, na hata Katibu wa Wizara mwenyewe alitilia shaka kwamba vijana wengi hivyo wangekufa kwa ugonjwa wa moyo. Mwezi wa Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274 walikuwa wamekufa Saudia katika miaka mitano. Hao ni vijana waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege. Mzazi anayeletewa cheti kinachosema "kifo cha kawaida" na mwili wenye alama, atamuuliza nani?

Hapa ndipo tunapofika kwa mbunge. Chifu hawezi kumwita mwajiri aliye Riyadh kwenye baraza. Polisi wa kituo chenu hawana mkono unaofika huko. Hata ajenti akikamatwa, mkataba wa kazi unatekelezwa katika nchi nyingine. Anayeweza kuibana serikali ya nje ni serikali yetu, na wenye kazi ya kuibana serikali yetu ni wale tuliowachagua. Kama wao hawasemi, serikali ina sababu nyingi za kunyamaza: kuna mafuta tunayonunua huko, kuna mikopo, kuna hizo dola zinazokuja, na kuna ahadi za kuwapatia vijana kazi ng'ambo. Hatusemi sababu hizo ni za bure. Tunasema katika mizani hiyo mtu wa kijijini hana uzito mpaka ajiweke mwenyewe.

Wengine watasema dawa ni kupiga marufuku. Kenya imejaribu. Mwaka wa 2014 serikali ilisimamisha safari za kazi za kwenda Mashariki ya Kati, na mwaka wa 2017 ikafungua tena baada ya kuweka masharti mapya kwa maajenti. Lakini njaa haijui marufuku. Mlango ukifungwa, watu hupitia dirishani, kwa nchi jirani na kwa visa ya matembezi, na huko hakuna karatasi yoyote inayoonyesha msichana yuko kwa nani. Kwa maoni yetu, kuomba marufuku peke yake ni kumpa mbunge kazi rahisi. Atapiga kelele siku moja, atapigiwa makofi, na mambo yatabaki yalivyo. Kazi ngumu zaidi, na yenye faida, ni kuuliza juu ya makubaliano.

Kenya imetia sahihi makubaliano ya kazi na nchi kadhaa za Ghuba, Saudia ikiwa mojawapo. Humo ndimo mnamoandikwa nani atalipa nauli, mshahara ukicheleweshwa itakuwaje, pasipoti inakaa kwa nani. Sasa muulizeni ajenti yeyote, au hata mtu wa ofisi ya kaunti ndogo, awaonyeshe makubaliano hayo. Tunaogopa mtarudi mikono mitupu. Ipo Sheria ya mwaka wa 2012 ya kutengeneza na kuidhinisha mikataba, ambayo inataka mkataba upelekwe mbele ya Bunge la Taifa kabla Kenya haijafungwa nao. Lakini sheria hiyo imeacha upenyo: makubaliano ya nchi mbili yanayohusu shughuli za serikali au mambo ya kiutendaji hayalazimiki kupitia njia hiyo. Ndiyo maana karatasi inayoamua maisha ya binti yenu inaweza kutiwa sahihi bila mbunge wenu kuisoma. Swali la kwanza la kumuuliza ni hilo: "Mheshimiwa, makubaliano haya umeyaona?" Akisema hajayaona, mwombeni ayadai. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali, sembuse mbunge.

Bunge lina nguvu nyingine ambazo watu hawazitaji sana. Ndilo linalopitisha bajeti, kwa hivyo ndilo linaloweza kusema ubalozi wetu wa Riyadh uwe na maofisa wa kazi wangapi, wakalimani wangapi, na kama kutakuwa na nyumba ya kuwahifadhi waliotoroka mateso. Ndilo linaloweza kumwita Waziri ajibu maswali. Ndilo linalotunga sheria juu ya maajenti. Tena tangu 2022 Bunge la Taifa lina kamati maalumu ya mambo ya Wakenya walio ng'ambo na wafanyakazi wahamiaji, kando na ile ya kazi na ile ya ulinzi na mambo ya nje. Hiyo ni milango mitatu ndani ya nyumba moja. Seneti nayo ina kamati zake. Watu wengi hawajui kamati hizi zipo, na kamati isiyobishwa hodi hulala.

Je, kelele za wananchi zinasaidia kweli? Tazameni Ufilipino, nchi ambayo imepeleka watu wake kazini ng'ambo kwa muda mrefu kuliko sisi. Tarehe 17 Machi 1995 mfanyakazi wa nyumbani aliyeitwa Flor Contemplacion alinyongwa huko Singapore kwa kosa la mauaji. Wafilipino wengi waliamini hakutetewa ipasavyo na serikali yake. Watu waliingia barabarani, Waziri wa Mambo ya Nje akajiuzulu, na mwezi wa Juni mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya wafanyakazi wahamiaji. Sheria hiyo ilisema wafanyakazi wapelekwe tu katika nchi ambazo haki zao zinalindwa, na kwamba balozi ziwe na vituo vya kuwasaidia. Mwaka wa 2010 ikaongezewa nguvu. Halafu mwaka wa 2018, baada ya mwili wa mfanyakazi kupatikana ndani ya friza huko Kuwait, Ufilipino ilisimamisha safari, lakini haikuishia hapo. Ilikaa mezani na Kuwait mpaka mwezi wa Mei makubaliano yakatiwa sahihi kwamba mwajiri asimnyang'anye mfanyakazi pasipoti wala simu. Wafilipino bado wanateswa na wengine bado wanakufa; tusidanganyane. Tofauti ni kwamba mwanamke wa Kifilipino anapopiga simu ubalozini, yuko mtu ambaye kazi yake kwa sheria ni kuipokea.

Hata mataifa makubwa yamesukumwa hivyo. Mwaka wa 1986 Rais Reagan wa Marekani alikataa sheria ya kuiwekea Afrika Kusini vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Lakini wabunge wake walikuwa wameandikiwa barua na kuandamwa kwa miaka na makanisa, wanafunzi na vyama vya wafanyakazi. Mwezi wa Oktoba walipiga kura tena, wakamshinda Rais wao mwenyewe. Wale walioandika hawakuwa na uhusiano wa damu na mtu wa Soweto. Sisi tunawaandikia wabunge juu ya watoto wetu wenyewe.

Basi kikundi kianze wapi? Anzeni kwa kukusanya habari kwa utaratibu, jinsi mnavyoweka daftari la michango. Ni nani amekwenda, mwaka gani, kwa ajenti gani, aliahidiwa mshahara gani, analipwa ngapi, anapatikana kwa simu au la. Lakini hapa tahadhari kubwa: aliye bado ndani ya nyumba ya mwajiri anaweza kudhurika jina lake likitajwa hovyo. Msiandike jina lake katika barua itakayosomwa na wengi bila yeye kukubali. Semeni "binti wa mwanachama wetu mmoja", inatosha. Na aliyerudi na majeraha asilazimishwe kusimulia mbele ya mkutano ati kwa sababu mnataka ushahidi. Mama mmoja au wawili anaowaamini wamsikilize pembeni. Akikataa, basi.

Jambo lingine: barua kwa mbunge haimwokoi mtu usiku huu. Kama kuna aliye hatarini sasa, ubalozi na Idara ya Serikali ya Mambo ya Diaspora ndio wa kutafutwa kwanza, mkiwa na nakala ya pasipoti yake, mkataba wake, na jina na simu ya mwajiri. Ndiyo maana tunasema kila anayesafiri aache nakala hizo nyumbani, na ajenti athibitishwe kwamba ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Ajenti anayekasirika akiulizwa cheti amekwisha kujibu swali.

Mkishakuwa na habari, andikeni barua. Mpelekeeni mbunge wa eneo lenu, na nakala kwa seneta na kwa mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Barua moja ya kikundi yenye sahihi ishirini na tano ni nzito kuliko mtu mmoja kumvizia mheshimiwa mazishini, ambapo ataitikia kila kitu na kusahau kila kitu. Msichanganye ombi hili na la bursari au la barabara. Mkimwomba mambo matano atachagua lile rahisi. Ipelekeni ofisini kwake mkononi, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Mheshimiwa Mbunge wa ................

Sisi wanachama wa kikundi cha ................, kata ya ................, tunakuandikia juu ya watoto wetu wanaofanya kazi za nyumba nchini Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Katika kikundi chetu chenye watu ....., familia ..... zina mtu huko. Kati yao, ..... hawajalipwa kama walivyoahidiwa, na ..... hawapatikani kwa simu tangu mwezi wa .......... Tunaomba, kwanza, uitake Wizara iyaweke wazi makubaliano ya kazi kati ya Kenya na nchi hizo, na utuletee nakala. Pili, uulize Bungeni ni maofisa wangapi wa kazi walio katika ubalozi wetu Riyadh, na kama bajeti yao inatosha. Tatu, udai kwamba kila Mkenya anayefia huko mwili wake ufanyiwe uchunguzi huru na familia ipewe ripoti. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya tarehe ..........., na tunakualika kwenye mkutano wetu wa mwezi wa ..........."

Kama mnataka kuongeza, muulizeni pia juu ya Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka wa 2011, unaosema mfanyakazi wa nyumbani ana haki sawa na wafanyakazi wengine. Kenya imefika wapi nao? Lakini jitayarisheni kuulizwa swali gumu ninyi pia. Msichana wa kazi aliye katika nyumba zetu wenyewe, hapa Kenya, analipwa kiasi gani, na anapumzika siku gani? Sheria ya Ajira ya 2007 inamlinda, na kiwango cha chini cha mshahara kinamhusu. Anayedai haki huko Riyadh huku amekalia mshahara wa mtoto wa jirani atapata taabu kumtazama mbunge usoni.

Barua isipojibiwa, kuna ngazi ya juu zaidi. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni. Kifungu cha 37 nacho kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Ardhilhali ina masharti yake, na nyingi hukataliwa kwa mambo madogo. Inaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hakuna haja ya wakili. Lugha iwe ya heshima, bila matusi hata kama moyo unachemka. Isiwe na maneno yaliyofutwa au kuongezwa juu ya mstari; mkikosea, andikeni upya. Iseme kama mmejaribu kwingine na mlijibiwaje, na hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapowafaa. Iseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Imalizike kwa ombi lililo wazi. Sahihi, anwani na nambari za vitambulisho viandikwe kwenye karatasi yenyewe, visibandikwe. Asiyejua kuandika aweke kidole gumba mbele ya shahidi. Na msiambatishe barua wala karatasi nyingine, ingawa inavutia kuweka kila kitu pamoja. Hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au mbunge mwenyewe huiwasilisha, na ikikubaliwa hupewa kamati, ambayo inaweza kuwaita mkajieleze.

Kuna watakaowavunja moyo. Mtaambiwa mnaharibu kazi za vijana, au kwamba mnatumiwa na upinzani. Magazeti yameandika kwamba baadhi ya watu wenye vyeo wana mkono katika biashara ya maajenti, kwa hivyo msishangae ubaridi ukitoka mahali msipoutarajia. Ndiyo sababu tunapendekeza msiende peke yenu. Vikundi vitano vya kata moja vikiandika barua ileile, kila kimoja kwa hesabu zake, mheshimiwa hawezi kusema ni mama mmoja mwenye uchungu. Chagueni mtu mmoja wa kufuatilia katika kila kikundi, ambaye atatoa ripoti katika kila mkutano kabla ya kuhesabu pesa za mzunguko, wakati watu bado wako macho. Tarehe mliyoweka ikipita bila jibu, aandike ya pili siku inayofuata.